Lenzi iliyoanzia kwenye jicho la rubani

Agosti 15, 1940, ndege za Ujerumani zikiishambulia kusini mwa Uingereza, rubani Gordon Cleaver alipigwa akiwa angani. Risasi zilivunja kifuniko cha plastiki ngumu, Perspex, kilichokuwa juu ya kichwa chake, na vipande vyake vikamwingia machoni. Siku hiyo aliruka bila miwani ya kujikinga. Jicho moja lilipofuka kabisa, na usoni na machoni akapasuliwa mara 18.

Daktari Harold Ridley alimfuatilia majeruhi huyo kwa miaka. Jicho likiingiwa na kitu huwasha, huvimba na kuwa jekundu. Kwa Cleaver haikuwa hivyo. Vipande vilivyosalia katika jicho lililopona vilikaa humo kimya, kana kwamba ni sehemu ya mwili.

Zama hizo tiba ya mtoto wa jicho ilikuwa ni kuitoa tu lenzi iliyofanya ukungu nyuma ya mboni. Mgonjwa alibaki na jicho lisilo na lenzi, akavalishwa miwani mizito inayokuza kila kitu. Akinyoosha mkono kushika kikombe, anakikosa. Ngazi anaiona karibu kuliko ilivyo. Kuona alikuwa anaona, lakini kwa taabu.

Siku moja mwanafunzi wa udaktari, baada ya kutazama upasuaji wa aina hiyo, alimuuliza Ridley kwa nini hakurudisha lenzi nyingine. Swali likamkaa moyoni, na vile vipande vya Cleaver vikampa jibu. Kampuni ya Rayner ilimtengenezea lenzi ya Perspex iliyosafishwa, pana zaidi kidogo ya milimita 8, na Novemba 29, 1949, katika hospitali ya St Thomas' jijini London, alimpasua kwa siri mwanamke wa miaka 45. Nguvu ya lenzi ilizidi mno, mama yule akawa haoni mbali bila miwani. Hata hivyo jicho liliipokea.

Madaktari wenzake Ridley hawakuipokea. Alipoitangaza kazi yake Oxford mwaka 1951, Stewart Duke-Elder, bingwa wa macho aliyeheshimika kuliko wote Uingereza, alikataa hata kuwatazama wagonjwa wake. Hofu yao haikuwa ya bure kabisa, kwani baadhi ya lenzi za mwanzo ziliteleza na kuleta madhara. Lakini kumnyima mtu hata jicho la kumtazama mgonjwa ni dhuluma, na Ridley aliibeba kwa miongo mingi. Marekani haikuziidhinisha lenzi hizo hadi mwaka 1981. Uzeeni Ridley mwenyewe aliwekewa lenzi hizo, katika hospitali ileile ya St Thomas'.

Kikabaki kikwazo cha bei. Lenzi moja iliuzwa dola 100 na zaidi, fedha ambazo mkulima hana. Mwaka 1992 kiwanda cha Aurolab cha Madurai, India, kilianza kuzitengeneza kwa dola 10 hivi. Fred Hollows, daktari wa Australia, alipigania viwanda vya namna hiyo Nepal na Eritrea. Alifariki mwaka 1993, na mwaka uliofuata kiwanda cha Asmara kikafunguliwa. Lenzi zikawa zinatengenezwa Afrika, na Waafrika.

Ikiwa nyumbani kwako yupo bibi au babu ambaye mboni yake imeanza kuwa nyeupe kama tui, usimwambie ni uzee tu. Mpeleke kwa daktari wa macho. Kwa kawaida upasuaji wenyewe haufiki hata saa moja.