Akili ya Mwafrika na Matuta ya Uluguru

Mto Ngerengere, ninaouvuka kila ninapokwenda kuwajulia hali jamaa zangu, huanzia katika milima ya Uluguru. Huko, mwaka 1950, serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa matumizi ya ardhi uliowalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi ili mvua isichukue udongo. Waliposita, ilikuwa rahisi kudhani kwamba kasoro imo katika fikra zao.

Dhana hiyo ilikuwa na wataalamu wake. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu cha J. C. Carothers kuhusu akili ya Mwafrika katika afya na maradhi. Carothers aliongoza hospitali ya Mathari, Nairobi, kazi aliyoianza bila ubingwa wa maradhi ya akili. Alimfananisha Mwafrika na Mzungu aliyekatwa mishipa ya sehemu ya mbele ya ubongo! Nani aliihakiki kauli hiyo kabla haijachapwa? Uhakiki wa wanataaluma wenza huhitaji wenza, na waliochunguzwa hawakuhesabiwa miongoni mwao. Frantz Fanon alimjibu mwaka 1961, lakini wakati huo Carothers alikuwa ameshaiandikia serikali ya Kenya, mwaka 1954, ripoti juu ya saikolojia ya Mau Mau, akiunga mkono watu kukusanywa vijijini. Zaidi ya watu milioni moja walihamishwa kwa nguvu, wakaachana na mashamba yao. Sisemi kwamba kitabu ndicho kilichowahamisha. Kiliipa serikali lugha ya kitabibu kwa jambo la ardhi.

Wala sidai kwamba bwana shamba wa Morogoro alimsoma Carothers. Lakini tuutazame udongo wenyewe. Kwenye miteremko ile tabaka lenye rutuba ni jembamba. Kuchimba ngazi kulilifukia na kuleta juu udongo usiootesha kitu. Kazi iliongezeka, chakula hakikuongezeka. Mkulima aliyegoma alikuwa amepiga hesabu. Julai 1955 umati ulikusanyika Matombo, polisi wakafyatua risasi, mtu mmoja akafa, na mpango ukaachwa.

Hivi karibuni niliombwa kuhakiki makala kuhusu “mtazamo hasi” wa wakulima wa mlimani juu ya makinga maji. Dodoso lake lilijaa maswali ya imani na hulka. Halikuwa na hata swali moja kuhusu kina cha udongo, wala kuhusu nani katika kaya hushika jembe. Nimeirudisha kwa waandishi pamoja na maswali hayo mawili, na bado nasubiri majibu.