Khului

Mwanamke wa pwani akisema "nataka talaka yangu", mbele ya kadhi huenda anahitaji kitu kingine. Talaka huitoa mume. Ikiwa ya kwanza au ya pili, kwa kawaida anaweza kumrejea mkewe kabla eda haijaisha, bila kufunga ndoa upya. Khului huanza kwa mke: anajikomboa, mara nyingi kwa kurudisha mahari, na mume akishaipokea hawezi kumrejea kwa kutaka kwake tu. Faskhi ni kadhi kuivunja ndoa kwa sababu iliyothibitishwa, kama kunyimwa matumizi. Inaniuma mke aliyetelekezwa, hajaletewa hata kilo ya unga, anapoambiwa auze bangili arudishe mahari. Huyo aulizie faskhi kwanza.