Msimamizi Apande Kwanza

Julai 1919 marubani wa ndege za posta za Marekani waligoma kwa sababu ya ukungu. Katika uwanja wa Belmont Park, New York, E. Hamilton Lee na mwenzake Leon Smith walikataa kuruka kwa kuwa hawakuona mbele. Wakafukuzwa kazi. Waliotaka ratiba ifuatwe kwa vyovyote walikuwa wakubwa wa posta, na ofisi zao zilikuwa Washington, ardhini.

Mgomo ulidumu siku chache tu. Makubaliano yaliyoumaliza ni kati ya mambo yanayonifurahisha zaidi katika historia ya kazi: rubani akisema hali ya hewa hairuhusu na msimamizi wa uwanja akabisha, basi msimamizi apande yeye kwanza akaione. Kama hajui kurusha ndege, akae mbele ya rubani, penye mifuko ya barua. Lee alirudishwa kazini. Smith hakurudishwa.

Hawakuwa waoga. Kati ya 1918 na 1927 zaidi ya marubani 30 wa posta walikufa kazini, katika huduma iliyoajiri mia chache tu. Walilipwa vizuri kwa viwango vya siku zile, na magazeti yaliwapenda. Hata hivyo walijua kwamba mshahara mnono hausaidii kitu ikiwa uamuzi wa kuruka uko mikononi mwa mtu ambaye hatapanda ndege.

Siku hizi tukijadili uzuri na ubaya wa urubani, hesabu ni ileile: mshahara, kofia, hoteli za Dubai, kwa upande wa pili usingizi wa mang'amung'amu, sikukuu mbali na nyumbani, na daktari anayeweza kukufungia kazi kwa kipimo kimoja cha moyo. Yote ni kweli. Ila faida hizo hazikuja pamoja na ndege. Kuna watu walizipigania, na kuna wengine walizirudisha nyuma.

Chama cha marubani wa Marekani kilianzishwa na Dave Behncke mwaka 1931. Mwaka 1934 bodi ya serikali ya masuala ya kazi ilitoa uamuzi uliowawekea kiwango cha malipo na ukomo wa saa 85 angani kwa mwezi. Ukapata nguvu ya sheria mwaka 1938. Taswira ya kapteni mwenye nyumba nzuri na muda wa kuikalia imejengwa juu ya karatasi hizo. Lee mwenyewe aliinufaika nayo: alistaafu kutoka United mwaka 1949 na akaishi kupita miaka 100.

Kisha mwaka 1978 serikali ya Marekani iliacha kupanga nauli na njia za ndege. Abiria wakapata tiketi nafuu, nami sitajifanya kwamba hilo si jema. Lakini mwaka 1983 Frank Lorenzo aliipeleka Continental mahakamani kwa ufilisi, akaivunja mikataba ya wafanyakazi na kukata mishahara ya marubani karibu nusu. Wengine walijifunza kutoka kwake. Chesley Sullenberger, aliyetua kwenye mto Hudson Januari 2009 na kuwaokoa watu wote 155, alikwenda mbele ya Bunge mwezi uliofuata. Wabunge walitaka kumpongeza. Yeye akawaambia kwamba mshahara wake ulikuwa umekatwa kwa asilimia 40, pensheni yake imepotea, na kwamba hakumjua rubani hata mmoja anayetaka watoto wake wafuate kazi hiyo.

Wiki mbili kabla ya maneno hayo, ndege ndogo ya abiria ilikuwa imeanguka karibu na Buffalo, watu 50 wakafa. Uchunguzi ulionyesha kwamba rubani msaidizi alisafiri usiku kucha kutoka Seattle kufika kazini Newark. Wabunge wakauliza kwa nini hakuishi karibu na kazi yake. Jibu lilikuwa kwenye hati ya mshahara wake.

Naandika haya kwa sababu mdogo wangu wa kike anataka kuwa rubani, na wazee wanazungumzia kuuza shamba ili kulipa ada. Binti wa leo anaingia kazini akiwa na deni, na mwenye deni hakatai ukungu kirahisi. Tena ukongwe hauhamishiki. Shirika likifa, kapteni wa miaka 20 huanza chini kwingine. Afrika Mashariki tunalijua hilo tangu East African Airways ilipovunjika mwaka 1977.

Novemba 2022 marubani wa Kenya Airways waligoma, moja ya madai yao yakiwa michango ya akiba ya uzeeni iliyosimamishwa. Mahakama iliwaamuru warudi, wakarudi baada ya siku chache. Mitaani wengi waliwacheka: watu wenye mishahara ile wanalia nini?

Nimemwambia mdogo wangu aende. Nimemwambia pia kwamba kabla ya kuuliza shirika linalipa kiasi gani, aulize rubani wa mwisho aliyekataa kuruka yuko wapi sasa. Baba anasema swali hilo litamkosesha kazi. Shamba bado halijauzwa.