Mshipa Kabla ya Mashine

Kanyenye ni mtaa wa Tabora, mji uliokuzwa na misafara. Wasafiri Waingereza Richard Burton na John Speke walipofika hapa Novemba 1857, mahali palipoitwa Kaze, walikuwa wametembea zaidi ya miezi minne kutoka pwani. Zama hizo, bara na pwani, kutoa damu mwilini ilikuwa kazi ya fundi wa kuumika: alichanja ngozi, akabandika pembe, akavuta hewa kwa mdomo, kisha akaziba tundu kwa nta. Damu iliyotoka ilimwagwa, na kidonda kikaachwa kipone.

Anayesafishwa damu kwa mashine, kwa kuwa figo zake zimeshindwa, hana nafasi hiyo ya kupona. Damu yake itoke kwa wingi, ichujwe, irudi mwilini. Na keshokutwa aanze tena.

Daktari Mjerumani Georg Haas alijaribu kumsafisha mtu damu hivyo kwa mara ya kwanza mwaka 1924 huko Giessen, kwa dakika 15 tu. Mwaka 1943, Uholanzi ikiwa chini ya majeshi ya Hitler, daktari Willem Kolff alitengeneza pipa la mbao lililozungushiwa utumbo wa selofeni wa kufungia soseji, likizunguka ndani ya maji ya chumvi. Mashine ilichuja kweli. Lakini kila safari ilibidi mshipa upasuliwe, na ukishatumika haufai tena. Mgonjwa wake wa kwanza, msichana wa miaka 29, alisafishwa mara 12. Mishipa ya kuingilia ikaisha, akafa. Ni kisa kinachouma kuliko vyote katika historia hii: dawa ipo chumbani, mlango wa kuipokea hakuna.

Ilichukua miaka 17 kupata jibu. Machi 1960, mjini Seattle, timu ya daktari Belding Scribner iliweka mirija ya tefloni katika mkono wa mgonjwa Clyde Shields, mmoja kwenye ateri, mwingine kwenye vena, ikaachwa humo na kuunganishwa nje ya ngozi. Shields aliishi miaka 11 zaidi. Hata hivyo mirija ile iliziba, ikaingiza vijidudu, ikatoka.

Ndipo madaktari wa Bronx, New York, walipoacha kutafuta bomba bora wakautazama mwili wenyewe. James Cimino alijua kwamba ateri na vena zikijeruhiwa pamoja zinaweza kuungana, na vena ikatanuka. Februari 1965 mpasuaji Kenneth Appel alizishona pamoja kwa makusudi kwenye kifundo cha mkono. Vena, ikipokea msukumo wa ateri, hunenepa na kukaza ukuta wake. Ukiigusa unahisi mtetemo. Hiyo ndiyo fistula ya mkono, na hadi leo ndiyo njia inayopendelewa.

Haikuondoa sindano, ila iliuwezesha mshipa kuzistahimili. Sindano mbili nene, mara tatu kwa wiki: 312 kwa mwaka. Zikichomwa sehemu moja ovyo, ukuta hulegea na kuvimba. Kwa hiyo muuguzi huhamahama juu na chini ya mshipa. Njia ya pili ilitoka Poland miaka ya 1970: daktari Zbylut Twardowski alimwona mgonjwa mwenye nafasi chache akichomwa tundu lile lile, pembe ile ile, na maumivu yakapungua. Inataka usafi wa hali ya juu, maana tundu la kudumu hukaribisha vijidudu.

Tanzania imesonga mbali: Hospitali ya Muhimbili ilipandikiza figo kwa mara ya kwanza Novemba 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, mwaka 2018. Ila katika Afrika Mashariki wengi bado hufika hospitalini figo zimeshakwisha, wakaanza na mrija wa shingoni, ambao ndio hupitisha maambukizi kwa wepesi zaidi. Fistula huhitaji wiki sita au zaidi kukomaa. Mtu wa Kanyenye mwenye kisukari au shinikizo la damu, akipimwa figo mapema, hupata wiki hizo. Na mkono utakaoshonwa usichomwe dripu wala kufungwa kipimo cha presha.