Shokapu na springi za gari ndugu: zipi zinafaa Vitz, IST na Probox kwenye barabara zetu

Kuanzia Sirari na Tarime mjini hadi Nyamongo na Mugumu, gari ndogo ndiyo inayotembeza watu wengi. Vijana wenye Vitz, IST au Subaru Impreza hupenda kutoa springi na shokapu za kawaida na kuweka zilizotoka kwenye toleo la spoti la gari hiyohiyo, kama Vitz RS. Wenye Probox nao hutafuta springi ngumu ili gari isikae chini nyuma ikibeba mzigo. Katika makala haya tunaeleza kipi kinafanya kazi, kipi kinaharibu gari na kipi kinaweza kuua watu.

Jibu kwa kifupi ni hili: kipuri cha gari ndugu kinaweza kuingia bila kuchomelea chochote, lakini kuingia si kufaa. Kabla ya kununua, jiulize gari kilikotoka ilitengenezwa kwa barabara gani na kwa uzito gani.

Springi hubeba, shokapu hutuliza

Springi ndiyo inayobeba uzito wa gari na kuiinua isilale juu ya matairi. Shokapu haibebi uzito. Kazi yake ni kutuliza springi ikishabonyea, ili gari isiendelee kurukaruka na tairi lisiachie ardhi.

Hili la tairi ndilo kubwa kuliko yote. Breki na usukani hufanya kazi pale tu tairi linapogusa ardhi. Ukiweka springi ngumu mpya na kubakiza shokapu iliyochoka, tairi litadunda juu ya mawe na makorongo. Ukikanyaga breki wakati huo, gari haishiki. Ndiyo maana springi na shokapu hubadilishwa kwa pamoja, zikilingana nguvu, na kwa magurudumu mawili ya kushoto na kulia kwa mara moja. Kamwe usibadilishe upande mmoja.

Ndugu ni akina nani

Toyota huunda magari kadhaa juu ya msingi mmoja. Vitz ya kwanza ilitoka Japani mwaka 1999. Mwaka 2002 zikafuata IST na Probox, ambazo zina undugu nayo. Kwa sababu hiyo baadhi ya vipuri vyao vya mbele vinafanana.

Lakini undugu una mipaka. Nyuma ya Vitz na IST za magurudumu mawili ya kuvuta, magurudumu yameunganishwa na boriti moja ya chuma. Nyuma ya Probox ni ekseli nzima inayoshikwa na mikono ya chuma, kwa sababu ni gari ya mizigo. Cha nyuma ya Vitz usikitarajie kwenye Probox.

Njia ya uhakika ni kusoma namba ya chesisi. Vitz RS ya cc 1500 ya toleo la kwanza huanza na NCP13. IST za toleo la kwanza ni NCP60, NCP61 au NCP65, na hiyo ya mwisho inavuta magurudumu yote manne. Probox za toleo la kwanza ni NCP50, NCP51 na NCP55 kwa za mizigo, na NCP58 au NCP59 kwa za abiria. Muuza spea akikwambia tu kwamba "hii ni ya Vitz", mwombe akuoneshe namba ya gari ilikotolewa.

Springi za RS kwenye barabara ya Mugumu

Toleo la spoti hutengenezwa kwa lami. Springi zake ni ngumu, na gari hukaa chini kidogo ili isilale upande kwenye kona. Kwenye lami ya Musoma kwenda Sirari utafurahia, kwa sababu gari hushika njia na usukani hujibu haraka.

Ukiingia kwenye vumbi na mawe, mambo hugeuka. Gari iliyokaa chini ina nafasi ndogo ya springi kubonyea. Korongo ambalo zamani lilimezwa na springi, sasa linagonga mpaka mwisho. Pigo hilo huenda kwenye mauntingi ya shokapu, bushi, boljointi na hata bodi yenyewe. Chini ya injini nako sampo ya oili husogelea mawe. Sampo ikipasuka na dereva asione taa nyekundu ya oili, injini hufa ndani ya muda mfupi, na gharama yake inazidi bei ya springi mara nyingi.

Wapo wanaoamini kuwa gari ya spoti lazima ikae chini. Safari Rally ya Kenya inaonesha vingine. Mwaka 1993 Patrick Njiru alimaliza mashindano hayo katika nafasi ya 12 akiwa na Subaru Vivio, gari ndogo yenye injini isiyofika cc 700. Magari yanayoandaliwa kwa Safari huinuliwa na kupewa springi zenye nafasi ndefu ya kubonyea. Hayalazwi chini. Barabara ndiyo inayoamua.

Kwa hiyo ukipata vipuri vya toleo la spoti, kinachoweza kukusaidia bila kushusha gari ni stebilaiza, ile fimbo ya chuma inayopunguza gari kulala upande. Kwenye matoleo ya spoti mara nyingi huwa nene zaidi. Hakikisha matundu, bushi na linki zake vinalingana na gari yako. Ujue pia kwamba stebilaiza nene hufanya gurudumu la kushoto na la kulia kuvutana zaidi, kwa hiyo kwenye mashimo utasikia gari ikiyumba.

Kuinua kwa kutumia ndugu mrefu

Kenya, ng'ambo ya mpaka wetu, wapenzi wa Subaru hufanya kinyume. Huchukua springi na shokapu za Forester na kuziweka kwenye Impreza, kwa kuwa Forester ilijengwa juu ya msingi wa Impreza lakini ikakaa juu. Wazo hili linaendana zaidi na barabara zetu. Sharti ni lilelile: miaka ya magari ilingane, na springi iende na shokapu yake.

Spesa, vile vipande vya raba, plastiki au chuma vinavyowekwa juu ya springi, ni njia ya bei nafuu. Haviongezi nafasi ya shokapu kufanya kazi. Vinasogeza gari juu tu. Ukizidisha unene wake, shafti za mbele hukaa kwa pembe kali, buti zake hupasuka, vumbi huingia na jointi huanza kulia unapokata kona. Na gari ikipanda juu huwa rahisi kupinduka. Kwa miteremko na kona za milima ya Tarime, hilo si jambo la kupuuza.

Probox: springi ngumu haibadilishi breki

Hapa ndipo kwenye hatari kubwa. Probox ya mizigo ilipangiwa Japani kubeba kilo 400 ikiwa na watu wawili, au kilo 250 ikiwa na watu watano. Wajapani huhesabu mtu mmoja kuwa kilo 55. Watu watano ni kilo 275, ukijumlisha mzigo wa kilo 250 unapata kilo 525.

Sasa chukua safari ya siku ya mnada. Watu wanane wa kilo 65 ni kilo 520. Weka na magunia mawili ya mahindi ya kilo 100 kila moja, jumla inakuwa kilo 720. Umezidisha karibu kilo 200.

Kwa springi za kawaida gari hiyo ingelala nyuma, na kila mtu angeona kuwa imezidiwa. Ukiweka springi ngumu inasimama sawasawa kama haina shida. Lakini breki ni zilezile, matairi ni yaleyale, na bearingi na ekseli hazijabadilika. Kwenye mteremko breki hupata moto na kupoteza nguvu. Springi ngumu imeficha dalili, haijaponya ugonjwa. Abiria anayeiona gari imesimama vizuri hana njia ya kujua.

Ukiamua kubadilisha

1. Kagua kwanza bushi, boljointi na tairodi. Mara nyingi gari inayogonga ina bushi zilizokwisha, na springi haina kosa.

2. Shokapu ya mtumba ikague mwilini. Kama ina oili inayovuja, fimbo iliyopinda au yenye kutu, iache. Ibonyeze kwa mkono: inapaswa kushuka taratibu bila kukwama.

3. Fundi awe na kibano maalumu cha kukandamiza springi. Springi iliyokandamizwa ina nguvu ya kuvunja taya au kuua. Anayeifunga kwa waya au kamba, usimpe kazi na usisimame karibu naye.

4. Usikubali springi ikatwe kwa grenda wala ipashwe moto ili ishuke. Moto huondoa ugumu wa chuma, na springi iliyokatwa inaweza kutoka mahali pake.

5. Nati za bushi zikazwe kwa mwisho gari ikiwa imesimama kwa matairi yake. Zikikazwa gari ikiwa kwenye jeki, raba hujisokota na kuchanika mapema.

6. Peleka gari kwenye alaimenti. Ikipanda au ikishuka, matairi hubadili pembe na kulika upande mmoja. Rekebisha pia taa za mbele zisimmulike mwenzako machoni.

7. Baada ya siku chache za safari, rudi kwa fundi akakague nati zote.

Sheria na bima

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inakataza kuendesha gari mbovu barabarani, na askari wa usalama barabarani anaweza kukuzuia. Gari ya biashara ya abiria inahitaji pia leseni ya LATRA, na idadi ya abiria haiongezeki kwa sababu umebadilisha springi. Kabla ya kufanya mabadiliko makubwa, ongea na wakala wako wa bima. Ni afadhali kuuliza mapema kuliko kubishana baada ya ajali.

Kwa mwenye fedha kidogo, ushauri wetu ni huu: nunua shokapu nne nzima za gari yako mwenyewe, badilisha bushi zilizochoka, weka matairi mazuri na pakia kwa kiasi. Gari itatulia zaidi kuliko yenye springi za RS juu ya shokapu zilizokufa. Nawe abiria, ukiona Probox imesimama vizuri, usiangalie springi zake. Hesabu vichwa vilivyomo ndani kabla hujapanda.