Kioo Cheusi Si Maiti

Kompyuta ikiwashwa, feni ikazunguka, lakini kioo kikabaki cheusi, wengi wetu husema: imekufa. Kabla hujaitupa, kumbuka kwamba nchi yetu nayo iliwahi kutoa hukumu kama hiyo.

Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, kwa ajili ya hesabu za Serikali. Kazi hiyo baadaye ilikwama, na hasara ikawa kubwa. Fedha za kigeni nazo zilikuwa haba. Mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta, isipokuwa kwa kibali maalumu. Marufuku ilikuja kuondolewa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mashine ilishitakiwa, ikahukumiwa, lakini swali la kifundi halikupewa nafasi: ni sehemu gani hasa iliyoshindwa? Ni chombo, ni mpango wa kazi, au ni uchache wa wataalamu?

Wakati sisi tumefunga mlango, wenzetu walikuwa wakilijibu swali hilo kwa namna nyingine. Agosti 1981 kampuni ya IBM ya Marekani ilitoa kompyuta ya mezani iliyoundwa kwa vipande vinavyochomolewa. Kazi ya kupeleka picha kwenye kioo ilipewa kadi yake ya pekee. Kadi hiyo ikiwa na hitilafu, kioo hakiwezi kusema neno. Lakini mashine ilikuwa na spika ndogo. Mlio mmoja mrefu na miwili mifupi maana yake ilikuwa: tazama kadi ya picha.

Utaratibu huo ungali unatusaidia. Leo kijana wa Pugu hupanda daladala hadi Kariakoo, akanunua kasha duka hili, kadi iliyotumika duka lile, akaunganisha kompyuta yake nyumbani. Kioo kikigoma, na aanze na kilicho rahisi. Ajaribu kioo kingine na waya mwingine. Asikilize mlio; siku hizi madabodi nyingine zina taa ndogo badala yake. Kisha azime, achomoe waya ukutani, aguse chuma cha kasha, ndipo aitoe kadi. Apanguse vumbi, asafishe meno yake ya shaba kwa kifutio laini, airudishe mpaka ikae sawasawa. Kama madabodi ina tundu lake la picha, achomeke kioo hapo: picha ikija, mshukiwa ni kadi au umeme wake.

Umeme wenyewe usisahauliwe. Tundu la kadi kwenye madabodi za kisasa hutoa wati 75 tu. Kadi kubwa huhitaji waya wa ziada kutoka kisanduku cha umeme. Waya huo ukilegea, au kisanduku kikiwa dhaifu baada ya kupigwa na umeme unaokatika na kurudi, kadi nzima huonekana mbovu. Mwisho, aipime kadi hiyo katika kompyuta ya jirani. Hapo ndipo aamue kununua nyingine.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ufa hauzibwi kabla haujaonekana. Mwaka 1974 tuliifungia nyumba nzima, na watoto wetu wakalipa kwa miaka karibu 20. Fundi wa Pugu asiirudie hukumu hiyo juu ya meza yake.