Lebo na Viwango vya Vyakula vya Dukani

Lebo ya chakula ni maelezo yanayochapwa au kubandikwa kwenye kifungashio kwa matakwa ya sheria, ili mnunuzi ajue kilichomo kabla hajakifungua. Lebo hutegemea kiwango, yaani waraka wa kitaalamu unaotaja sifa ambazo bidhaa ikizikosa haistahili kuitwa jina inalojiita.

Siagi ni mfano mzuri. Kwa mujibu wa Codex Alimentarius, mkusanyiko wa viwango vya kimataifa unaosimamiwa na FAO na WHO, siagi sharti iwe na mafuta ya maziwa yasiyopungua asilimia 80 na maji yasiyozidi asilimia 16. Mafuta ya mimea yaliyogandishwa na kupakwa kwenye mkate kila asubuhi ni majarini, hata wanunuzi wayaiteje. Juisi nayo hutoka kwenye tunda lenyewe. Ikiongezwa maji, na mara nyingi sukari, huwa nekta.

Nchini Tanzania kazi ya kuweka viwango ni ya Shirika la Viwango (TBS), lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1975. Mwaka 2019 lilikabidhiwa pia usalama wa chakula, uliokuwa chini ya Mamlaka ya Chakula na Dawa (TFDA). Kiwango cha Afrika Mashariki, EAS 38, hudai jina la chakula, viambato, uzito halisi, mzalishaji, namba ya toleo na tarehe. Viambato hupangwa kwa uzito, kikubwa kwanza. Mzazi anayenunua unga wa lishe akikuta soya na karanga zimetajwa mwishoni, ajue pakiti hiyo ni nafaka zaidi kuliko kitu kingine.

Kanuni za mwaka 2011 ziliongeza sharti la virutubishi: madini ya chuma, zinki, foliki asidi na vitamini B12 katika unga wa ngano na mahindi wa viwandani, na vitamini A katika mafuta ya kula.

Viwango hivi vina maana ya pekee mpakani, kwa mfano Soitsambu, kata ya tarafa ya Loliondo wilayani Ngorongoro, iliyo jirani na mpaka wa Kenya. Viwango vya pamoja vya Jumuiya ya Afrika Mashariki vinakusudiwa kuifanya alama ya TBS au ya shirika la viwango la Kenya, KEBS, itambulike pande zote mbili.

Lakini lebo huishia pale kifungashio kinapofunguliwa. Sukari na mafuta ya kupima humfikia mlaji bila tarehe wala namba ya toleo; maelezo yote yamebaki kwenye gunia na dumu la muuza duka. Kwa jamii ya wafugaji inayouza mifugo na kununua mahindi, pengo hilo ni zito zaidi kwa sababu ya sumukuvu, yaani sumu ya ukungu unaoota kwenye nafaka. Kiwango huruhusu jumla ya mikrogramu 10 tu za sumu hiyo kwa kilo, na hakuna jicho linaloweza kuiona.

Mwaka 2016 sumukuvu ilisababisha watu 68 kuugua katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na 20 kati yao walifariki. Machi 2021 Kenya ilizuia kwa siku chache mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu hiyohiyo. Kwa mahindi yasiyo na lebo, kinga huanza shambani na ghalani: kuyakausha hadi unyevu usizidi asilimia 13.5, kuyahifadhi mahali pakavu, na kutenga punje zilizoota ukungu kabla ya kusaga.